Mwandiko wa Mashini Umerudi, Mashini Haikurudi

Mtu akisikia neno desturi, mawazo yake yanakimbia upesi kwenye ngoma, mahari, matanga na majina ya mapacha. Ni vizuri, na katika kijitabu hiki wenzetu wameandika mengi juu ya mambo hayo. Lakini mji kama Lubumbashi, ulioanzishwa mwaka 1910 juu ya shaba na njia ya reli, uko na desturi zingine zilizozaliwa humu humu, katika makambi ya wafanyakazi, katika mabiro na kwenye barza za komini. Moja ya hizo ni mashini ya kuandika. Babu zetu hawakutoka nayo kijijini, ni kweli. Lakini hata mahindi yalitoka ng'ambo ya bahari, na leo nani atathubutu kutuambia kwamba bukari si chakula chetu?

Sisi tunaoandika kurasa hizi ni mwalimu wa sekondari. Tunafundisha Kifaransa na kusahihisha makaratasi usiku, kwa hiyo herufi ni kazi yetu ya kila siku. Tangu miaka kadhaa tunaona jambo la ajabu. Mashini yenyewe imekaribia kufa. Katika zile nyumba ndogo zenye kibao cha «Saisie, Impression, Photocopie», kompyuta imekalia meza yake tangu zamani. Lakini mwandiko wake unatembea mjini kuliko wakati ule mashini ilipokuwa hai. Tazameni karatasi za mwaliko wa ndoa: majina ya bwana na bibi arusi yameandikwa kwa herufi za mashini, na pembeni mmechorwa doa la kahawa, kana kwamba mtu alisahau kikombe chake juu ya furaha ya wengine. Tazameni programu ya misa ya matanga, tisheti za wanafunzi wa chuo kikuu, banderoli ya tamasha la muziki. Tulikula siku moja katika restora mpya katikati ya mji, na karatasi ya vyakula ilikuwa imeandikwa vile vile: bukari, samaki, sombe, kila kimoja na bei yake, sawa na ripoti ya administrateri wa teritware.

Mafundi wa infografia wanaita aina ya herufi «police», kwa Kifaransa. Sisi neno hilo linatushitua kidogo kila mara, kwani polisi tunayoijua inasimama njia panda na kuuliza makaratasi. Hapa tutasema tu mwandiko.

Tuliwauliza vijana wanaofanya kazi hiyo kwa nini wanaupenda. Mmoja alitujibu: «Mwalimu, ukiweka hii, kitu inaonekana ya kweli.» Mwingine akasema: «Hii ya kompyuta ya kawaida, kila mutu iko nayo. Hii ingine iko na mambo ya wazee ndani.» Majibu haya mawili yametufikirisha sana, kwa sababu wote wawili wako na haki, na hata hivyo wala mmoja wao hakuwahi kugusa mashini hata siku moja.

Kwa nini herufi hizi zinaonekana za kweli? Ni lazima kukumbuka mambo yalivyokuwa. Kwa miaka mingi sana, katika mji huu, neno lililoandikwa kwa mkono lilikuwa neno la nyumbani: barua kwa shangazi, hesabu ya likelemba, jina la mtoto katika Biblia. Neno lililopigwa kwa mashini lilikuwa neno la ofisi. Mkataba wa kazi ulipigwa. Barua ya kumfukuza mtu kazini ilipigwa. Ruhusa, cheti, hukumu, yote yalipigwa, kisha ikaja saini, kisha muhuri. Mzee aliyeona karatasi iliyopigwa ikiingia katika lupango lake alivaa kwanza miwani, na kama hakuwa na miwani aliketi.

Na mtu mdogo aliyetaka kuongea na ofisi alipaswa naye kuongea kwa sauti ile ile. Ndipo walipotokea makarani wa mashini waliokaa nje, na meza ndogo, na kiti kimoja cha mteja, karibu na mahali ambapo watu wanahitaji makaratasi. Mteja alieleza shida yake kwa Kiswahili. Karani alisikiliza, akaitafsiri kichwani mwake kwa Kifaransa cha heshima, kile kinachoanza na kusema «niko na heshima ya kufika mbele ya ukubwa wako», hata kama mkubwa huyo ndiye aliyekula mshahara wa mteja. Kabla ya kupiga, karani mzuri aliuliza: «Baba, ufikiri kwanza. Njo vile unataka kusema? Hii ikisha kuandikwa haifutike.» Kwa maana kosa lilikula karatasi, na karatasi ilikuwa na bei. Makosa madogo yalifunikwa kwa msururu wa x. Makosa makubwa, ilikuwa kuanza upya, na karatasi ya kaboni nayo ilikuwa imechoka.

Tunakazia jambo hilo la kaboni. Barua moja ilipigwa kwa nakala tatu: ya ofisi, ya mtu mwenyewe, na mara nyingi ya tatu kwa ajili ya shahidi au ya mkubwa mwingine. Nakala ya mwenyewe iliingia katika sanduku la bati chini ya kitanda. Tumeona masanduku kama hayo katika Kenya, Katuba na Kamalondo, na ndani mwake karatasi nyembamba, zenye herufi za bluu zilizofifia, zilizokunjwa mara nne. Humo mna historia ya mji wetu nyingi kuliko mtu anavyofikiri.

Sasa tuseme kidogo juu ya kazi yenyewe. Wakati sisi tulipokuwa masomoni, katika miaka ya 1990, wanafunzi wa upande wa biashara na utawala walijifunza kupiga mashini, na pale mashini zilipokosa, walipiga juu ya kartoni iliyochorwa herufi. Tulikuwa tukiwasikia kupitia dirisha wakiimba qsdf, jklm, qsdf, jklm. Hayo ni herufi za mstari wa katikati katika mashini za Kifaransa, ambazo Wabelgiji walituletea, na vidole vinapumzika juu yake. Mashini hizo hazikufikiriwa kwa ajili ya Kiswahili. Yeyote aliyepiga Kiswahili juu yake anajua uchungu: herufi a, ambayo katika lugha yetu inarudi karibu katika kila neno, iko juu kushoto kabisa, chini ya kidole kidogo, kidole kilicho na nguvu kidogo kuliko vyote. Na m, ambayo inaanzisha mtu, mtoto, mama, mji, mkate, iko kulia kabisa, chini ya kidole kidogo kingine. Basi karani wa Kiswahili alifanya kazi kwa vidole vyake viwili vya mwisho kuliko mwenzake wa Kifaransa. Matokeo yake yanaonekana kwenye karatasi: a inatoka hafifu mahali kidole kilipochoka, na mahali pengine tumbo lake limejaa wino kwa sababu chuma chake hakikusafishwa. Mtu akitazama ukurasa wa zamani wa Kiswahili, aanze na a.

Zaidi ya hayo, kila mashini ilikuwa na kilema chake. Moja iliruka t juu kidogo ya mstari. Nyingine ilikuwa na r iliyopinda. Muzee mmoja, karani wa zamani ambaye tutarudi kwake, alituambia kwamba alitambua barua imetoka ofisi gani kabla ya kusoma kichwa chake, kwa kutazama tu namna herufi zilivyosimama, kama vile unavyotambua mtu kwa kuchechemea kwake.

Tukifika kwenye kompyuta, mwandiko wa mashini tunaoukuta humo si mmoja. Ule unaojulikana kuliko yote ni Courier. Uliumbwa katika miaka ya 1950 na Howard Kettler, kwa ajili ya mashini za kampuni IBM ya Marekani. Kampuni hiyo haikuufungia haki za peke yake, kwa hiyo wengine waliuchukua nao, ukaenea dunia nzima. Jina lake kwa Kiingereza ni mpeleka-barua, yaani plantoni wetu wa ofisini. Ndugu yake Courier New unakaa katika kompyuta za Windows, hata zile za mtumba zinazotufikia katika makontena. Katika Courier kila herufi inapewa nafasi sawa, kama katika mashini: i nyembamba inapata mahali pa upana sawa na m nene. Njo maana i inanyoosha miguu yake pande mbili ili kujaza chumba.

Mwingine ni American Typewriter, ulioumbwa na Joel Kaden na Tony Stan mwaka 1974, kwa kukumbuka miaka 100 tangu mashini ya Sholes ilipotoka katika kiwanda cha Remington, mwaka 1874. Huo uko na sura ya mashini, lakini ndani yake m inapewa nafasi ya m na i nafasi ya i. Ni kama kijana aliyevaa koti ya karani bila kwenda kazini. Hatuutukani, kwa kichwa cha habari unapendeza, na unasomeka.

Kisha kuna ile michafu. Mwaka 1991 Erik van Blokland wa Uholanzi alitoa mwandiko unaoitwa Trixie: alichukua maandishi ya mashini ya kweli akayaingiza katika kompyuta pamoja na uchafu wake wote, kingo zilizoliwa, wino uliotapakaa. Tangu hapo imetokea mingine mingi ya namna ile, na mingi inavutwa bure kwenye intaneti. Hiyo njo vijana wetu wanapenda zaidi. Wanaongeza karatasi ya njano, doa la kahawa, muhuri mwekundu usiosomeka, na kazi imekwisha.

Kwa mafundi wanaotusoma, tungetaka kusema jambo moja la ufundi kabla ya kwenda mbele, kwa sababu tumeona kazi nyingi zikiharibika hapo. Kiswahili ni lugha ya maneno marefu. Neno kama tutakapowakumbusha liko na herufi 18. Courier ya ukubwa wa 12 inaweka herufi 10 katika kila inchi, kwa hiyo karatasi ya A4 yenye pembe za sentimeta 2 na nusu kila upande inabeba herufi kama 63 katika mstari. Neno letu moja linakula zaidi ya robo ya mstari. Sasa fundi akilazimisha pembe ya kulia nayo inyooke, kama wanavyopenda, maneno yanaachana, na ukurasa unajaa mashimo, sawa na barabara zetu wakati wa mvua. Mashini haikufanya vile. Mashini iliacha pembe ya kulia ikae kama ilivyo, na kengele ndogo ililia kumwambia karani kwamba mstari unakaribia kuisha. Tena Courier inakula karatasi: maandishi yale yale yatachukua kurasa nyingi zaidi kuliko kwa Times, na anayelipa impresion ni chama. Mwandiko huu ni wa maneno machache. Kichwa, jina, tarehe, sentensi mbili.

Lakini hayo ni mambo ya mkono. Kuna jambo lingine ambalo linatugusa zaidi.

Mwaka 1965, wakati mji huu ulikuwa ungali unaitwa Elisabethville, mtu mmoja kwa jina André Yav alitoa maandishi yanayoitwa «Vocabulaire de ville de Elisabethville», kwa niaba ya chama cha watumishi wa zamani wa nyumbani. Jina ni la Kifaransa lakini ndani ni Kiswahili chetu cha hapa. Ni historia ya mji tangu wazungu wa kwanza, na ya wale waliowapikia, waliowafulia na kuwalelea watoto. Ilipigwa kwa mashini. Na ilipigwa namna watu wanavyosema: maneno yameshikana mahali yanapopaswa kuachana, yameachana mahali yanapopaswa kushikana, nukta zinaanguka zinapotaka. Mwalimu wa shule akiisoma, kalamu nyekundu inamwasha mkononi. Johannes Fabian, mtaalamu aliyefundisha kule Amsterdam na aliyejua mji wetu, alipoitangaza katika kitabu mwaka 1990, hakuisahihisha. Aliweka maneno kama yalivyopigwa, kisha akamwomba Kalundi Mango, mtu wa Kiswahili cha hapa, ayasome kwa sauti, kwa sababu kwa jicho peke yake mengi yalikuwa hayaeleweki. Yaliposomwa kwa mdomo, yakafunguka.

Tunalisema hilo kwa sababu ni ukurasa wa mashini tunaoheshimu kuliko yote katika lugha yetu, na uzuri wake hauko katika umbo la herufi. Watu ambao maisha yao yote walipokea makaratasi yaliyopigwa na wengine, walitaka nao neno lao lipigwe. Maboyi, kama walivyoitwa, hata wakiwa na mvi. Walichukua sauti ya ofisi na kuingiza ndani yake maneno ya nyuma ya nyumba. Yale maneno yaliyoshikana ni alama ya kazi hiyo. Fundi wa leo akiyachukua, akayanyoosha, akayapaka Trixie na doa la kahawa, atapata kitu kinachoonekana cha zamani zaidi kuliko chenyewe, na ndani yake hamtakuwa tena na mtu.

Mtatuambia tunakuza jambo dogo. Basi tueleze lililotokea katika kartiye yetu, bila kutaja mtu.

Mama mmoja alifiwa na mume wake. Matanga yalipokwisha, ndugu za marehemu walikuja na karatasi. Ilikuwa barua ya mwaka 1974, walisema, inayoshuhudia kwamba lupango lilinunuliwa na feza ya ukoo, na marehemu alilikalia tu kama mlinzi. Karatasi ilikuwa ya njano, imekunjwa, imepigwa kwa mashini. Yule mama hakujua kusoma Kifaransa. Alipoona zile herufi tu, alianza kukusanya masufuria yake. Sheria ya familia ya mwaka 1987 inamlinda mjane katika nyumba aliyokaa na mume wake, lakini nani anakumbuka sheria mbele ya karatasi ya njano? Hata shefu wa kartiye alinyamaza. Watoto wake, ambao tulifundisha wawili, walikimbia kutuita, na sisi tukamwita yule muzee karani, kwa maana mambo ya mashini alikuwa anayajua kuliko sisi.

Muzee hakuvaa miwani. Alichukua karatasi, akaigeuza, akapitisha kidole gumba nyuma yake, polepole, kama mtu anayepapasa kitambaa sokoni. Kisha akasema: «Hii haikupigwaka. Hii ilioteshwa.» Mashini inagonga karatasi. Nyuma ya ukurasa wa kweli kidole kinasikia kila herufi, na nukta mara nyingine inatoboa kabisa. Karatasi ile ilikuwa laini kama shavu la mtoto.

Mmoja wa ndugu, kijana mwenye maneno, alisema kwamba karatasi ya zamani inalala, alama zinaisha. Muzee akamwomba atazame e. Tulitazama wote. Kila e ilikuwa na doa lile lile la wino, mahali pale pale, upande wa chini kulia, na weusi ule ule. Kijana akasema mashini ilikuwa na e iliyovunjika. Muzee akajibu, na maneno yake tuliyaandika siku ile ile: «Chuma ikivunjika, inarudia kidonda yake, sawa. Lakini wino hairudiake. Kidole ya mutu haina nguvu moja asubuhi na magaribi.»

Sisi wakati huo tulikuwa tunasoma kichwa cha barua. Juu yake palikuwa pameandikwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, jimbo la Katanga. Mwaka 1974 nchi hii iliitwa Zaire, na jimbo hili liliitwa Shaba. Tena barua ilimwita marehemu «Monsieur», na jina lake la ubatizo likafuata, wakati ambapo ofisi zote ziliandika «Citoyen» na majina ya Kizungu yalikuwa yameondolewa tangu mwaka 1972. Aliyeitengeneza alikuwa kijana. Alijua sura ya zamani na hakujua zamani yenyewe. Pembe ya kulia nayo ilikuwa imenyooka kama rula.

Hakuna aliyefungwa. Mambo ya ukoo yanaisha kwa ukoo. Karatasi ilirudishwa mfukoni, ikasemwa kwamba walidanganywa na mtu wa mjini, mama akarudisha masufuria yake mahali pake, na mpaka leo anakaa katika lupango lile. Lakini tulibaki na wazo: wanaume watu wazima, na shefu pamoja nao, walikuwa tayari kumtoa mjane kwa ajili ya umbo la herufi. Nguvu hiyo ilijengwa na makarani kwa miaka mingi, kosa kwa kosa, nakala kwa nakala, na kijana yeyote mwenye kompyuta anaweza kuivuta bure kwa dakika mbili.

Ndiyo sababu, wakati kijana anayepanga kijitabu hiki alipotuletea mifano yake mitatu, hatukunyamaza. Ni kijana wa akili, tunamheshimu. Katika mifano yote alikuwa ameweka ushuhuda wa wazee kwa mwandiko wa mashini, ule mchafu, juu ya karatasi iliyopakwa rangi ya chai. Ulipendeza, hatukatai. Lakini kati ya wazee hao kuna mama anayesimulia mambo ya mahari, na maneno yake yalinaswa na simu, katika lupango lake, kuku wakilia nyuma. Hakupita hata siku moja mbele ya mashini. Tulimwambia kijana: «Mwanetu, umemupeleka mama kwa biro bila kumuuliza.»

Alicheka, kisha akatujibu jibu zuri: «Mwalimu, na Times je? Hata Times haikuwaka ya mama.»

Ni kweli, na tulipaswa kutafuta maneno. Tulimwambia kwamba msomaji akiona Times haoni kitu, anasoma tu. Macho yake yamezoea. Akiona mwandiko wa mashini anaona mwaka, anaona ofisi, anaona mtu aliyeketi na kupiga. Huo mwandiko unatoa ushuhuda kabla maneno hayajaanza. Kijana hakukubali yote. Alisema vijana wenzake hawafungui kijitabu chenye jalada la kawaida, na kama hawakifungui, maneno ya mama yatabaki mle ndani hata yakiandikwa kwa mwandiko gani. Hapo sisi tulinyamaza, kwa sababu tunajua ni vijitabu vingapi vya chama vimelala katika depo.

Tulifikia mapatano haya, na wasomaji wanayaona mkononi mwao. Jalada na vichwa vya habari ni vya mwandiko wa mashini, Courier safi, bila doa, na mwaka wa kuchapwa umeandikwa kwa herufi kubwa sawa na jina. Maneno ya wazee yako katika mwandiko wa kawaida. Na kwa kuwa kijana alitaka mashini ya kweli, tulimpeleka kwa muzee karani. Muzee alifungua sanduku lake na kutoa nakala za kaboni za barua alizowapigia watu wa Katuba, ambazo wenyewe hawakurudi kuzichukua. Walibaki pamoja alasiri nzima. Kijana alitaka kujua kwa nini x ziko nyingi katika mstari wa tatu. Muzee akamwambia kwamba mteja alikuwa amemtukana mkwe wake, kisha akafikiri tena.

Muzee ametoa ruhusa tuzipige picha, majina yakifunikwa. Ziko nne. Moja imechanika katikati, na a zake karibu hazionekani. Kijana anasema kompyuta inaweza kuzitia weusi, tumemwomba aziache.